Farasi Hawajaambiwa

Wolverdonk, Brabant
14 Novemba 1908

Mdogo wangu Odiel,

Salamu zikufikie huko uliko, ng'ambo ya maji yote hayo. Mama hajambo ila magoti, na masikio yake yamekuwa ya kuchagua: ukimwita aje kufua hasikii, ukinong'ona habari ya kahawa anasikia akiwa bustanini. Seraphien bado anakohoa, bado analala juu ya banda, bado ndiye mtunza farasi pekee tuliye naye. Viazisukari vimetoka vyote, ingawa udongo ulikuwa mzito hata tukafunga farasi wanne kwenye gari moja.

Sasa keti chini. Baba amefariki. Ilikuwa siku moja baada ya Siku ya Marehemu, asubuhi, akivaa viatu. Aliinama kufunga cha pili, hakuinuka tena. Tumemzika kando ya Bibi, mvua ikinyesha mpaka padri akafupisha sala. Nimelia hadi nikachoka, kisha nikaenda kukamua, maana ng'ombe hawajui msiba.

Farasi ndio wanaotakiwa kuujua, nao hawajaambiwa. Ufunguo wa kale wa banda, ule ambao bwana hugongea mahori, uko palepale kwenye msumari, hakuna aliyeugusa. Mimi mwanamke, Seraphien mtumishi. Nani kati yetu agonge hori na kusema "Bwana wenu amekufa, bwana wenu ni mimi"? Mrithi ni wewe. Babu alipokufa, Baba aliwaambia farasi kabla hata ya kumwambia padri.

Roza, farasi jike wetu, ana mimba, atazaa karibu na Pasaka. Mbegu ya farasi wa Baba imebaki kwake tu. Msimamizi wa mwenye ardhi alikuja mazishini, akala mikate yetu ya zabibu bila haya, akasema mkataba wa shamba ataurefusha kama sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa Juni, itamkuta mtoto wa Roza amesimama uwanjani. Asipomkuta, shamba linakwenda kwa mtu wa viazisukari na sisi tunakwenda tunakokujua wenyewe. Njoo, Odiel. Gonga mahori, kisha kama unataka kurudi Marekani, rudi.

Dada yako,
Coleta

*

Karibu na Tamarack, Iowa
9 Desemba 1908

Dada Coleta,

Barua yako imenikuta mzima. Huku theluji imefika madirishani, na mama mwenye nyumba ananipikia maharage kila siku isipokuwa Jumapili, ambapo ananipikia maharage na nguruwe. Mpe Mama pole yangu. Mwambie nilikwenda kanisani, ingawa kanisa lenyewe ni la Wajerumani na sikuambulia neno.

Baba. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye miaka mingine ishirini.

Kuja siwezi, Dada. Kazi imebana. Siku hizi niko kwenye tanuri la matofali, nao hawampi mtu ruhusa kwa sababu kuna farasi Ubelgiji hawajapashwa habari. Mwambie Seraphien awaambie. Au uwaambie wewe, nani atakukamata? Farasi wa huku hawaambiwi kitu, na wanavuta jembe vilevile.

Kuhusu Roza, apewe pumba za ngano vuguvugu mwezi wa mwisho, na asifungwe gari la samadi.

Mdogo wako,
Odiel

*

Wolverdonk
7 Januari 1909

Mdogo wangu,

Heri ya Mwaka Mpya. Jana watoto walipita na nyota yao ya karatasi wakiimba habari za Mamajusi, Mama akawapa mikate ya Mwaka Mpya inayookwa kati ya vyuma, ile iliyobaki migumu. Mmoja alimwambia, "Bibi, huu tuupigilie kwato?" Mama hakusikia, au alichagua kutosikia.

Pumba za ngano! Nilimpa Roza pumba wewe ukiwa bado unanyonya kidole. Asante hata hivyo.

Sasa nisikilize. Kila asubuhi, saa ambayo Baba alikuwa akiingia, farasi wote saba wanageuza vichwa kutazama mlango. Mlango umefungwa. Kisha aliye karibu na mlango anasogea ubavuni, kama anavyosogea farasi kumpisha mtu mwenye ndoo. Halafu anasogea wa pili. Halafu wa tatu. Inakwenda hivyo hadi kwa Roza, mwisho kabisa, naye anainamisha kichwa na kukiacha kimeinama kitambo, mahali ambapo Baba alikuwa akimkuna paji la uso. Hawagusi nyasi mpaka hayo yamekwisha.

Nilidhani ni mazoea. Juzi nikasimama katikati ya njia. Farasi wa kwanza alisogea, wa pili akasogea, nami nikapatwa na harufu ya tumbaku ya Baba, ile ya kutafuna, karibu sana na uso wangu. Nikasogea na mimi, Odiel. Nilimpisha.

Seraphien anasema bwana ambaye kifo chake hakijatangazwa hana ruhusa ya kuacha kazi. Nilimwomba awaambie yeye. Akavua kofia, akasema, "Bi Coleta, mimi katika banda hili nimekwisha sikia tangazo moja ambalo halikupaswa kutolewa. La pili sitalitoa mimi." Nilipomuuliza tangazo gani, akaanza kukohoa.

Tena mbona hutaji Sultan, farasi dume wetu? Mwaka ule ulioondoka naye melini ulituandikia kurasa nzima: Sultan amekula nini, Sultan amewashangaza Wamarekani, Sultan amezaa watoto wangapi. Leo hata jina lake hulitaji, na umekuwa mtu wa matofali. Mtoto wa wafuga farasi, wa kizazi cha nne, anachoma matofali! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe hukusikia la yeyote.

Dada yako,
Coleta

*

Tamarack
2 Februari 1909

Dada,

Sijambo, maharage bado yapo.

Usiniulize habari za Sultan. Na usisimame tena katikati ya njia ile.

Odiel

*

Wolverdonk
26 Februari 1909

Odiel,

Mama anakusalimu. Amekufumia soksi za sufu, ziko katika kifurushi hiki. Roza amekuwa mpana kama mlango wa ghala, na mtoto anacheza vizuri. Ukiweka kiganja unamsikia.

Seraphien amesema. Nilimnyima bia kwa wiki nzima, na mzee yule angeweza kunyimwa sakramenti akavumilia, lakini si bia. Ilikuwa mwaka juzi, wakati wa mavuno, barua yako ilipofika ya kusema hurudi, umepata kazi ya kudumu kwa bwana aliyemnunua Sultan. Baba aliisoma akiwa amesimama uwanjani. Akaichana, akachukua ufunguo, akavua kofia, akaingia bandani. Seraphien alikuwa juu akishusha nyasi. Alimsikia akigonga hori la kwanza na kusema, "Odiel amekufa." Akaenda la pili, "Odiel amekufa." Aliyagonga yote, Odiel, hata hori tupu la Sultan. Kisha akatoka, akaja mezani akala uji wa maziwa, nami nikamwuliza Odiel ameandika nini, akasema hujambo.

Nimekaa zaidi ya mwaka nikila naye meza moja bila kujua. Nimemkasirikia hadi nimeshindwa kupeleka maua kaburini, kisha asubuhi nimeshuka bandani kama kawaida na kumpisha.

Niambie kilichokupata huko. Usinitajie maharage.

Coleta

*

Tamarack
21 Machi 1909

Dada yangu,

Soksi zimefika. Ya kulia imenitosha sana. Ya kushoto ni kubwa, kwa sababu mguu wangu wa kushoto umebaki na vidole viwili. Ile methali yako ilipiga penyewe, ingawa hukujua.

Nitakuambia, maana umekwisha ambiwa nusu. Ilikuwa mavuno ya mwaka juzi, mchana, jua kali. Nilikuwa nikimwongoza Sultan kutoka kisimani, lijamu mkononi, nikimsimulia upuuzi kama nilivyozoea, naye sikio moja akinitegea. Katikati ya hatua, sikio likaacha kunitegea. Hakushtuka, hakuruka. Alisimama tu, akatazama huku na huku kama farasi aliyeachwa peke yake shambani. Nikamwita. Nikampiga begani. Akaanza kutembea, na mimi nilikuwa mbele yake.

Wewe unajua farasi. Hata awe mkubwa kiasi gani, hamkanyagi mtu kwa kusudi; atavunja mwendo, ataruka, atafanya lolote. Sultan alinikanyaga kama unavyokanyaga udongo. Nilipokuwa nikipiga kelele chini, alikuwa akila majani kando ya kichwa changu.

Hata hivyo ningebaki. Nilirudi kwake kwa magongo. Nilijaribu sukari, nilijaribu fimbo, Mungu anisamehe. Hanichukii, Coleta. Afadhali angenichukia. Watoto wake wengine wakazaliwa, na kila aliyezaliwa alikuwa vilevile: wananipita, wananibana milangoni, wanalala nilipokaa. Bwana akaniambia kwa upole kwamba mtunza farasi asiyeonekana na farasi hana faida kwake. Ndiyo sababu ya matofali. Matofali hayaoni mtu yeyote.

Sikujua chanzo. Nilidhani nimerogwa, au nimepata ugonjwa wa kichwa. Leo nimejua. Nimekaa na barua yako kwenye ngazi ya nyumba, nikamlaani Baba, kisha nikamlilia, sijui kipi kilitangulia.

Unaelewa sasa kwa nini siwezi kuja? Nikiingia bandani nikagonga hori, nani atanisikia? Kwa Roza mimi ni maiti. Na Baba, aliye maiti kweli, anapishwa njia. Chukua ufunguo, Dada. Waambie bwana wao ni wewe. Mimi siwezi kurithi nyumba ambayo nimekwisha zikwa ndani yake.

Ila kabla ya yote, mwangalie Roza. Mtoto azaliwe salama.

Odiel wako

*

Wolverdonk
16 Aprili 1909

Mdogo wangu Odiel,

Mama hajambo, amekula mayai ya Pasaka matano na kulaumu tumbo la uzee. Seraphien hajambo. Baba hayupo tena. Nitaeleza kwa mpangilio, usiruke mistari.

Barua yako ilifika katika Juma Kuu. Ijumaa, kengele zikiwa zimenyamaza, nilichukua ufunguo. Nikitaka kusema kweli, ningeweza kuuchukua tangu Novemba. Nilisingizia uanamke, nikasingizia desturi, nikakusingizia wewe. Nilikuwa nashuka pale kila asubuhi kwa sababu nilitaka anipite. Wewe ulibaki na ugomvi wako naye. Mimi nilibaki na harufu ya tumbaku, na sikutaka kuitoa.

Niligonga. Nikasema, "Bwana wenu amekufa. Bwana wenu ni mimi." Nilipofika kwa Roza ikabidi niseme mara mbili. Walisimama na vichwa chini mpaka mchana. Jumamosi asubuhi hakuna aliyegeuka kutazama mlango. Nilisimama katikati ya njia nikinusa, kulikuwa na harufu ya samadi tu. Nikaketi juu ya ndoo nikalia kilio ambacho sikulia mazishini.

Kisha nikataka kuwaambia kwamba wewe hujafa. Nikamwuliza Seraphien maneno yake ni yapi. Akafikiri sana, akasema maneno hayo hayapo. Yako ya aliyekufa, na yako ya aliyezaliwa, basi. Hajapata kusikia mtu akitangaza kwamba fulani yu hai, kwani ni nani aliyewahi kuhitaji?

Roza alizaa Jumatatu ya Pasaka, watu wakiwa kwenye maandamano ya farasi kule kanisani. Jike, Odiel, mwekundu, paji jeupe, miguu kama nguzo za kitanda cha askofu. Seraphien alimfuta kwa majani, akanipa ufunguo, akasema, "Haya, bwana. Mtaje kabla hajasimama." Jina tulikuwa nalo, Mama alikwisha lichagua, Victorina, la mama yake.

Nisikudanganye kwamba ulimi uliteleza. Nilijua ninachofanya tangu nilipoinua mkono. Niligonga hori la kwanza nikasema, "Amezaliwa Odiel." La pili, "Amezaliwa Odiel." Seraphien alitupa majani chini akasema, "Bi Coleta, kuzaliwa kumoja jina moja!" Nami nikaendelea, nikagonga yote, na la Sultan nikaligonga kwa nguvu zaidi. Nilirudi haraka kugonga upya kwa jina la Victorina. Walikuwa wamekwisha rudi kwenye nyasi zao. Hata sikio moja halikugeuka.

Mtoto akasimama, akamwendea mama yake. Roza akampita. Aliinuka akatembea, na kama Seraphien asingemvuta mtoto kwa mguu, angekanyagwa. Hamfukuzi. Afadhali angemfukuza. Maziwa yanamdondoka hadi kwenye kwato, naye amesimama mlangoni ameelekea machweo, anaita. Wewe unaujua mlio ule wa chini wa farasi anayeita mtoto wake. Anaita mchana kutwa.

Hakubali kukamuliwa. Nilijaribu kila hila. Juzi, kwa kukata tamaa, nikamwambia sikioni, "Odiel atakuja." Maziwa yakashuka yenyewe. Sasa namkamua hivyo, kila mara kwa jina lako, nampa mtoto kwa chupa nyuma ya ukuta. Anakonda. Chupa si ziwa. Msimamizi amekuja kuchungulia, akaona mtoto yuko kwake na mama yuko kwake, akaandika neno katika kijitabu chake, akaondoka bila kula.

Kwa hiyo nimekurudishia farasi wako, kama umerudishiwa, na nimemnyang'anya mtoto mchanga mahali pake duniani. Mama ananiuliza kwa nini silali. Ningekuwa na Jumatatu ile tena ningefanya vilevile, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Je, Sultan?

Dada yako,
Coleta

*

Tamarack
3 Mei 1909

Dada Coleta,

Barua hii ni fupi kwa sababu naandika huku nafunga sanduku. Itanitangulia kwa siku chache, kama si mimi kuitangulia.

Jumatatu ile ya Pasaka sikuwa nimejua lolote. Hapa haikuwa sikukuu. Nilikuwa napita njia ya shamba la bwana yule kwenda tanurini, kulipokucha, nikitazama chini kama kawaida yangu ninapopita pale. Nikasikia kishindo. Sultan alikuwa anakuja mbio kutoka mwisho wa uwanja, ratili elfu mbili za farasi, watoto wake wote nyuma yake. Nikajua leo nakufa kwelikweli, nikafumba macho.

Alisimama. Alitia kichwa juu ya uzio, akaninusa utosini, kisha akaanza kunilamba. Uso, masikio, nywele, kwa utaratibu, akinikausha, kama jike anavyomlamba mtoto aliyetoka tumboni sasa hivi. Watoto wake wakanyoosha shingo kunitazama. Nilipotaka kuondoka alinishika kola kwa meno, taratibu, kunizuia nisianguke. Nilikaa pale mpaka bwana mwenyewe akaja kuona. Alivua kofia, sijui kwa nini. Kisha akasema kazi yangu ipo kama naitaka.

Nilimwambia nitamjibu. Nilikuwa nataka kumwambia ndiyo, nisikufiche. Nilikuwa nimeshika kalamu kukuandikia kwamba nimepona na nabaki, barua yako ikafika.

Sasa sikiliza. Usimwache Roza na mtoto pamoja, hata dakika. Usijaribu kumtaja mtoto tena. Endelea kukamua kwa jina langu, na kila ukikamua mwambie kweli, kwamba niko njiani, maana sasa niko njiani. Mtoto umwimbie, umkune, ulale naye kama huwezi kulala kwako. Mimi najua anachokosa. Nimekikosa karibu miaka miwili, nikiwa mtu mzima na mwenye akili zangu.

Roza anamtafuta mtoto wake, Coleta, na mtoto wake ni mimi. Basi nitakuja nisimame pale mlangoni. Ataninusa, atatulia, ataachia maziwa, nami nitainamisha kichwa anilambe anavyotaka. Wewe utamleta yule mdogo kwa upande wa pili, polepole, umweke chini ya ubavu. Roza atadhani anayenyonya ni mimi. Tutafanya hivyo kila siku mpaka Mtakatifu Yohana, na baada ya Mtakatifu Yohana, mpaka asimame mwenyewe. Sitaondoka hapo, Dada, hata mkinichoka.

Mwambie Mama soksi ya kushoto asiifumue, nimeizoea.

Odiel